Farasi Watatu na Mpira wa Bluu

Naandika mbio mbio kabla ya saa kumi na mbili, maana saa kumi na mbili muuza rolex (chapati ya kuviringishia mayai) wa getini kwetu anawasha jiko, na kila mteja anayesubiri yai liive anaoneshwa video ya mimi nikipigana na mpira wa maji kwenye harusi ya binamu yangu. Kufikia jana usiku ilikuwa imefika Bombo kwa mjomba. Leo asubuhi imenirudia mwenyewe kutoka Mombasa ikiwa imetiwa taarabu. Basi tuwekane sawa. Maji yale hayakuwa ya choo. Mzee wa Masaka, mkwe wetu, hakuzimia, alikaa chini tu. Na mimi sikuwa "nacheza na mpira". Nilikuwa nafanya bakwoshi, yaani naosha filta ya bwawa.

Bwawa la shangazi hapa Entebbe mnalijua, wengi wenu mmeliogelea bure. Filta yake ya zamani ilipasuka katikati ya Ramadhani, na harusi ya binamu yangu imeshapangwa Jumamosi baada ya Idi, mahema yawe pale pale kando ya maji. Shangazi akaniita. "Baba, wewe ndiye uliyesomea hesabu. Simamia."

Nimesomea uhasibu. Naomba hilo mlikumbuke, kwa sababu kila kilichoniangusha kilikuwa ni kugawanya.

Akaja fundi, mzee mmoja mpole, mkononi ana futi kamba na ufito. Akapima, akaokota kipande cha mkaa, akaanza kuandika kwenye ukuta wa chumba cha pampu kama mwalimu wa madrasa. Urefu mita 12, upana 6. Kina ni mita 1 upande wa watoto na 2 kule mwisho, kwa hiyo wastani ni moja na nusu. Jumla mita za ujazo 108, yaani lita 108,000. "Nyumbani kwa mtu na mkewe," akasema, "maji yote yakipita kwenye filta mara moja kwa saa 8, hata 10, yanatosha. Hapa mna wageni na watoto wa wageni. Tuweke saa 6." Mia na nane gawanya kwa sita: mita za ujazo 18 kwa saa.

"Sasa mchanga," akaendelea. "Mchanga hauna haraka, bosi. Kila mita moja ya mraba ya uso wake ipitishe mita za ujazo 30 kwa saa, ndipo unakamata uchafu. Ukiukimbiza, uchafu unapita nao." Kumi na nane gawanya kwa thelathini ni sita ya kumi ya mita ya mraba, na tangi lenye uso huo lina kipenyo cha karibu sentimita 90. Akaandika 900, akaipigia mistari miwili. Pampu akaitaja mwisho kabisa, kama mtu anayetaja chumvi. Hospawa moja na nusu, yaani nguvu ya farasi mmoja na nusu, ingetosha, ila kwanza aione karatasi yake, inatoa kiasi gani ikishakutana na mabomba na filta. Na bomba la kunyonya liwe la milimita 75, lisiwe jembamba.

Nikawa natikisa kichwa. Mnakijua kile kichwa? Cha mtu ambaye hajaelewa ila ana shahada.

Nililosikia mimi ni "moja na nusu" peke yake, na likaniudhi. Bwawa lote lile, harusi yote ile, farasi mmoja na nusu? Nusu ya farasi inavuta nini?

Nikapanda teksi hadi Kampala, barabara ya Nabugabo, kwenye maduka ya hadweya. Kijana wa duka akaniuliza bwawa ni kubwa? Nikamwambia kubwa. "Basi chukua tatu, ssebo." Hapo ndipo nilipojisikia naheshimiwa. Pampu ya hospawa tatu, nyeusi, nzito, inang'aa. Pesa zikapungua, ikabidi nibane kwenye filta. Kulikuwa na ya milimita 500 imebaki peke yake, bei ya kuagana. Nikawaza: 500 na 900, si imezidi nusu? Kwa saa mbili za ziada itafidia.

Wenye hesabu zenu, nyamazeni, nimeshaifanya tangu juzi. Uso wa duara hauendi hivyo. Tangi la 500 lina uso usiofika hata theluthi ya ule wa 900. Linastahimili kama mita za ujazo 10 kwa saa, tena ukilisukuma kwelikweli. Pampu yangu, kwa karatasi yake yenyewe ambayo niliisoma Jumapili nikiwa nimejifungia chooni, inaweza kupeleka zaidi ya 30.

Bado mchanga. Filta inataka mchanga wa silika uliochaguliwa, chembe za nusu milimita hivi, zikilingana. Mifuko minne ya kilo 25 ingenitosha. Nikaona huo ni wizi. Jirani anajenga ukuta, ana lundo zima la mchanga wa Lwera, kule barabara ya Masaka. Mchanga ni mchanga, au sivyo? Na ili msiseme mimi ni mzembe, niliuchekecha. Niliuchekecha kwa chekecheo la unga la shangazi, usiku, kwa tochi ya simu, hadi ukawa laini kama uji wa mgonjwa. Yaani nilikaa saa tatu nzima nikitupa zile chembe nene ambazo ndizo zinazotakiwa, na kuhifadhi kwa uangalifu ule unga unaopenya kwenye nyufa za vile vidole vya plastiki vilivyo chini ya tangi.

Alhamisi fundi akaja, akaitazama pampu, akalitazama tangi, akanitazama mimi. Kimya. Mwishowe akasema, "Mimi hapo siweki mkono wangu." Ila alikuwa mwungwana, akaniachia maneno mawili ya bure. La kwanza: usigeuze valvu pampu ikiwa inaenda. La pili: ule mpira wa kumwagia maji machafu uukunjue wote na uufunge mwisho wake kwenye kitu kizito.

Nililikumbuka moja.

Ijumaa geji ya filta, ile inayopima msukumo wa maji, ilianza kwenye baa 1. Kufikia magharibi iko karibu baa 2. Jumamosi asubuhi imepita hapo, na maji yana rangi ya chai ya maziwa ya wageni wengi. Mbele ya kila jeti, yaani tundu la kurudishia maji bwawani, chini ya maji, kumeota kichuguu kidogo cha mchanga. Shangazi akasimama ukingoni na kanga yake, akaangalia sana. "Baba, siku hizi tuna hata ufukwe?"

Usiku kucha nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba geji ikipanda nusu baa juu ya pale ilipoanzia, filta inataka bakwoshi: unageuza valvu, maji yanaingia kutoka chini, yanaunyanyua mchanga, uchafu unatolewa nje kwa bomba lake. Dakika mbili, tatu. Nikasema, hiyo ni kazi ya kabla ya pilau.

Sasa tulieni, hapa pataenda polepole, kwa sababu kichwani mwangu panaenda polepole tangu juzi.

Nikaha imekwisha salama. Sheikh ameondoka. Wakwe kutoka Masaka wamepangwa kwenye ukingo wa bwawa kwa ajili ya picha, kanzu nyeupe juu ya kanzu nyeupe, makoti, na akina mama wa gomesi upande wa kushoto. Nyuma yao kuna ua wa michongoma, na nyuma ya michongoma chumba cha pampu, na mimi ndani yake, nami pia kanzu nyeupe. Nikazima pampu. (Mnaona? La kwanza nilitii.) Nikakandamiza mpini wa valvu, nikauzungusha hadi kwenye bakwoshi. Nikawasha.

Mpira wenyewe ni ule bapa, wa bluu, wa inchi mbili. Nilikuwa nimeuacha umeviringishwa vizuri kama mkeka, chini ya michongoma.

Kwanza haukufanya kitu. Ulivuta pumzi. Kisha ukaanza kujikunjua wenyewe, mzunguko kwa mzunguko, bila papara, ukinenepa. Ukafika kwenye michongoma, ukaegemea. Halafu ukainua kichwa. Wallahi uliinua kichwa, juu ya ua, kama swila, ukakohoa hewa mara mbili. Mpiga picha alikuwa anasema, "Tucheke kidogo." Ukatazama kushoto, kwa akina mama. Ukaghairi. Ukatazama kulia.

Mzee, ami yake bwana harusi, ndiye aliyesimama katikati. Nikamwona anageuka taratibu kwa sababu amesikia kikohozi.

Rangi yenyewe siwezi kuieleza kwa watu wanaokula. Kulikuwa na kahawia, na kijani cha uchafu wa tangu Ramadhani, na kwa vile farasi wangu watatu walikuwa na nguvu kuliko tangi, mchanga wenyewe nao ukatoka, ule ule niliouchekecha. Ulimpata kifuani. Hakuanguka, akarudi hatua moja na kukaa kwenye kiti kilichokuwa hapo kwa rehema ya Mungu. Mpira ukamwacha, ukapita kwenye safu nzima kama mtu anayesalimia msibani, huyu, huyu, huyu, hakurukwa mtu. Ukafika kwenye sinia la pilau. Ukarudi tena kwa mzee.

Nikatoka mbio. Mwenye akili angekimbilia swichi, ambayo ilikuwa umbali wa mkono. Mimi nikaukimbilia mpira. Nikaushika, ukanishinda. Nikaushika tena, ukanibeba. Mwishowe nikaukalia. Hapo ndipo kwenye ile picha mliyoifanya stika, nyie wasaliti: mimi na kanzu, miguu juu, nimepanda kitu cha bluu kinachoruka, na muuza rolex anasikika akisema kwa utulivu, "Farasi huyo, farasi huyo, banange."

Sikuwa nimemwambia habari za hospawa. Kabuni mwenyewe.

Video ina sekunde 41. Kama mhasibu nimelazimika kupiga hesabu: hata tukisema pampu ilitoa mita za ujazo 20 tu kwa saa, hizo ni lita zaidi ya 220. Ningeipiga hesabu ya aina hiyo hiyo wiki mbili nyuma, ningekuwa sasa hivi nakula biriani ya watu.

Aliyeizima ni shangazi. Mtazameni vizuri kwenye video, pembeni kushoto. Hakimbii. Anatembea na kanga yake, anaingia chumba cha pampu, na mpira unalala chini yangu. Kumbe siku ile fundi alipokuwa akinieleza, yeye alikuwa dirishani, akasikiliza yote mawili.

Ukimya. Mzee wa Masaka akapangusa shavu, akasugua kile alichokipangusa katikati ya vidole viwili, akakitazama kwenye jua. Anatoka Masaka, njia yake kila siku inapita pale.

"Huu," akasema, "si ni wa Lwera?"

Basi. Watu waliogeshwa, kanzu zikapatikana, sinia moja la pilau likapotea, bibi harusi alicheka hadi wanja ukamwagika, ndoa ipo. Mambo yamekwisha, msinipigie simu kuuliza.

Jumapili fundi alirudi, shangazi ndiye aliyemwita. Hakuniambia neno, alionesha ukuta kwa ufito tu. Filta ya 900 imefungwa, na mchanga wa silika, na pampu ya moja na nusu ambayo mlio wake huusikii hadi uinamie. Ule unga wangu uliobaki bwawani alitia shabu jioni, akazima kila kitu, ukashuka chini usiku kucha, asubuhi akaunyonya na kuutoa nje moja kwa moja, bila kuupitisha kwenye filta mpya. Leo unaiona shilingi kwenye sakafu ya mita mbili. Shangazi kakataza ule ukuta kupakwa rangi. Pampu kubwa iko stoo. Kijana wa duka kasema hairudishwi, imeshaguswa na mchanga.

Nimesimama getini sasa hivi nikimalizia kuandika, saa kumi na mbili imeingia. Kuna rolex mpya kwenye ubao, kaiandika kwa chaki: BAKWOSHI. Chapati mbili, mayai matatu, na mchuzi wa njugu wa kahawia unaomwagwa kwa nguvu kutoka kwenye chupa ya kubonyeza, juu, kushoto, halafu kulia. Kuna foleni. Niliulizia bei, akaniambia kwangu ni bure, ila niile nikiwa nimekaa kwenye ule mpira.

Nimekaa. Tamu sana, mbwa huyu.