Diski Mpya na Madeni ya Harusi

Kompyuta ya steshenari yangu ilikuwa inawaka kama mkaa ulionyeshewa. Mteja anakuja kuchapa barua ya kuomba kazi, naiwasha, tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumbani, za wazazi, za mvua, mpaka maneno yanatuishia, na kile kiduara cha Windows bado kinazunguka. Diski yake ya GB 500 ilikuwa ya zile zenye sahani ndani, mizunguko 7,200 kwa dakika, na kila ikitafuta faili inakoroma krrr, krrr, kama mzee aliyelalia mgongo.

Mpwa wangu alikuwa likizo ya chuo. "Anko, weka SSD," akasema. "Ile haina kitu kinachozunguka, ni chipu tupu. Utaniambia."

Nikapanda daladala mpaka Kariakoo, nikanunua ya GB 480. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mimi nimetumia GB 120 tu, itashindwaje kuenea? Usiku nikawasha Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima kwenda nyingine, kutoka kwenye flashi, nikafuata maelekezo yote, nayo ikagoma. Diski unayohamia ni ndogo kuliko unayotoka. Kumbe yenyewe haikuulizi umepika wali kiasi gani, inapima sufuria. Kesho yake nikarudi kwa muuzaji, akanitazama kama mtu anayerudisha embe alilokwisha kuling'ata. Nikaongeza hela, nikapewa ya GB 512.

Mara ya pili ikakubali. Clonezilla inakuuliza mara mbili kama una hakika, maana ukigeuza diski ya kutoka ikawa ya kwenda, umejifutia kila kitu mwenyewe. Hapo nilikuwa makini kuliko daktari wa upasuaji. Nilisoma majina ya diski kwa sauti, mpwa wangu akiitikia kama tuko msibani. Nayasema haya mjue kwamba lile kosa linaloogopwa na kila mtu mimi sikulifanya. Nilifanya langu.

Kunakili kukaisha. Ile diski ya zamani nikaiacha humohumo ndani ya boksi iwe akiba, nikakaza skrubu, nikawasha. Windows ikaja.

Jamani, kasi! Nilihisi hata kipanya kimekuwa chepesi. Kwa wiki mbili nzima kila aliyekanyaga dukani nilimwita nyuma ya kaunta: "Hebu njoo uone hii kitu inavyokimbia." Watu walikuja kutoa kopi ya kitambulisho wakaondoka wamepata somo la chipu. Muuza chipsi wa jirani alisema haoni tofauti, nikamwambia macho yake yamezoea mafuta. Mpwa wangu naye akatega sikio siku moja.

"Anko, mbona bado inakoroma?"

"Hiyo ni feni."

Hapa lazima nieleze cheo changu. Binamu yangu alikuwa anaoa, na mimi ndiye katibu wa kamati, mweka hazina pia, kwa kuwa nina kompyuta. Orodha ya ahadi na michango ilikuwa kwenye Excel mle ndani. Zamani tulikuwa tunaibandika kwenye grupu la WhatsApp kila Jumapili, hadi mashangazi wawili wakanuniana kwa sababu ya tofauti ya elfu kumi. Mwenyekiti akapiga marufuku. Kuanzia hapo orodha ilikaa kwangu peke yangu, na katika wiki zile mbili za kasi watu 31 walimaliza ahadi zao, nikawatia rangi ya kijani mmoja mmoja.

Baada ya wiki hizo nikaona diski ya zamani haina kazi. Nikaichomoa, nikampa mpwa wangu akawekee tamthilia. Nikawasha kompyuta. Ikawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti! Na kimya, hata krrr moja. Nikajiambia kumbe ile diski ya zamani ilikuwa inamvuta mwenzake miguu. Picha ya kwenye skrini ilikuwa imerudi ile ya mwanzo, ya maua. Nikailaumu Windows, kama kawaida ya watu wote.

Zilikuwa zimebaki siku kumi za harusi. Nikafungua orodha, nikashangaa wenye deni walivyo wengi. Watu hawana aibu, nikasema. Nikaandika ujumbe mmoja wenye adabu zake, nikamtumia kila asiye na kijani: "Kamati inakukumbusha kwa upendo kuwa ahadi yako bado haijatimizwa."

Wa kwanza alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyelipa laki mbili zote kwa mkupuo. Hakuandika. Alituma sauti ya dakika tatu, ya kwanza yote ni kukohoa. Kisha: "Mwanangu, mimi nimekubeba mgongoni." Shangazi akabandika risiti ya muamala kwenye grupu, na chini yake maneno mawili tu: "Nisomeeni nyie." Risiti zikaanza kuanguka kama maembe ya msimu. Mwalimu wangu wa darasa la sita hakulalamika. Alilipa tena, kimya kimya. Huyo ndiye aliyeniumiza kuliko wote.

Nikamwita mpwa wangu. Alifungua mipangilio ya BIOS, akatazama, akacheka hadi akaketi sakafuni. Pale penye zamu ya diski ipi iwashe kompyuta sikuwa nimegusa kitu, kwa hiyo kwa wiki mbili ilikuwa inawakia diski ileile ya zamani. Hiyo mpya ilikuwa pacha mwenye saini ileile, yaani namba ya kuitambulisha diski, na Windows ikikuta diski mbili zina saini moja, mojawapo inaiweka pembeni, haionekani hata kwenye orodha ya mafaili. Ilikaa mle ndani imelala, na kumbukumbu za siku ile niliyonakili. Yale yote niliyoandika baadaye yaliingia kwenye ile inayokoroma. Ile kasi niliyowaonyesha watu ilikuwa kasi ya zamani, ikisaidiwa na bei niliyolipa.

"Basi rudisha ile niliyokupa," nikasema.

Akaacha kucheka. Angekuwa ameifomati tu, pengine tungeokota kitu. Lakini alikwisha kuijaza tamthilia za Kituruki mpaka ukingoni.

Nikakesha na simu, nikipitia meseji za miamala moja baada ya nyingine, nikirudisha kijani. Mjomba nilimfuata kwake kwa miguu yangu, na kilo mbili za sukari. Waliotuma kwa simu wote nikawapata. Wakabaki watatu, hawamo kwenye simu, hawamo kwenye daftari, wala sikumbuki kupokea hata shilingi yao. Nikawapigia kwa unyenyekevu. Wote watatu, kila mtu kwa wakati wake, wakanijibu jibu moja:

"Mimi si nilikupa mkononi, palepale dukani? Ile siku unanionyesha kompyuta inavyokimbia."