Mafunzo ya miaka 3, pesa ya miezi michache

Nchini Marekani, mafunzo ya ubingwa ya madaktari hulipiwa kwa sehemu kubwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee iliyoanzishwa mwaka 1965. Pesa hupitia hospitalini, na ndipo daktari wa familia, yaani bingwa wa huduma za msingi kwa watu wa umri wote, anapoachwa nyuma.

Malipo yana mafungu mawili. Moja ni la mishahara ya madaktari walio mafunzoni na walimu wao. La pili ni nyongeza kwenye kila bili ya mgonjwa wa Medicare aliyelazwa, inayokokotolewa kwa kulinganisha idadi ya madaktari hao na idadi ya vitanda: vitanda 100 na madaktari 10, nyongeza inavuka asilimia 5. Kituo cha afya, ambako wengi wa madaktari wa familia tunataka wakafanye kazi, hakina kitanda cha kulaza mtu. Juu ya hayo, sheria ya 1997 iligandisha idadi ya nafasi za mafunzo ambazo Medicare huilipia hospitali katika kiwango cha 1996. Hospitali inayotaka nafasi zaidi hutoa mfukoni, na ikitoa mfukoni hutazama kwanza fani zinazorudisha hela.

Sheria ya afya ya 2010 ilikuja na njia nyingine: kukilipa kituo chenyewe. Mwanzoni kiwango kilikuwa dola 150,000 kwa daktari mmoja kwa mwaka. Asiyeijua kazi hii ataona ni nyingi mno. Mshahara ni kipande tu cha gharama. Daktari anayeanza mafunzo huona wagonjwa wachache, na kila mmoja lazima mwalimu amjue. Kwa miezi 6 ya kwanza mwalimu lazima amwone mgonjwa mwenyewe, la sivyo Medicare haimlipi. Baada ya hapo, kwa matatizo mepesi, anaweza kusimamia hadi madaktari wanne walio mafunzoni bila kuonana na kila mgonjwa, mradi asiwe na kazi nyingine saa hizo. Yaani daktari mzoefu, ambaye angejaza foleni nzima asubuhi hiyo, hana mgonjwa wake hata mmoja. Pengo hilo la mapato ndilo linalowatisha wakuu wa vituo, kuliko mshahara.

Kwa maoni yangu hakuna pesa ya serikali iliyolengwa vizuri kuliko hii katika fani hii, na ndiyo inayotunzwa vibaya zaidi. Haitoki Medicare; Kongresi, bunge la Marekani, imekuwa ikiiongezea muda kidogo kidogo, pengine miezi michache. Baada ya bajeti ya 2015 malipo yalishuka hadi dola 95,000.

Sasa tazama kalenda. Maombi hupokelewa Septemba, mgawo wa nafasi hutangazwa Machi, kazi huanza Julai, mafunzo ni miaka 3. Mkuu wa programu anayehoji waombaji Novemba anatoa ahadi ya zaidi ya miaka mitatu na nusu, huku pesa mkononi, muda ukiongezwa kidogo kidogo hivyo, ikiishia robo ijayo ya mwaka. Mwenye busara hupunguza nafasi mapema, hata kama baadaye pesa inakuja yote. Nafasi ya mwaka huo imeshapotea. Aprili huwezi kuirudisha.

Pesa ya miaka yote 3 itengwe siku daktari anapochaguliwa, na imfuate hata kituo kikifungwa. Wala si jambo geni: hospitali ya mafunzo ikifungwa, Medicare huruhusu hospitali inayompokea daktari kulipwa kwa ajili yake hadi amalize.