Utumbo tunatupa, dagaa je?

Mvua kubwa ikinyesha Mwanza, Mto Mirongo hushuka na chupa zake kuelekea ziwani, na siku hiyo hiyo ile takwimu huanza tena kuzunguka kwenye simu: samaki mmoja kati ya watano wa Ziwa Victoria ana plastiki tumboni. Anayeumia ni muuza samaki wa soko la Mwaloni, Kirumba. Mteja anamgeuzageuza sato, anaguna, halafu anakwenda zake kununua kuku wa kisasa.

Takwimu hiyo ni ya kweli, tena imetoka hapa hapa kwetu. Watafiti walinunua sokoni Mwanza sangara 20 na sato 20, wakawapasua na kupekua utumbo wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, ushahidi wa kwanza wa aina hiyo katika maziwa makuu ya Afrika. Asilimia 20 ya kila aina walithibitika kuwa na vipande vya plastiki. Sasa piga hesabu: sangara wanne, sato wanne. Samaki wanane, na wamebebeshwa ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu kuliko sisi tunaowanukuu. Samaki waliotiliwa shaka walikuwa wengi zaidi, lakini waliingia kwenye hesabu wale tu ambao maabara iliwathibitisha.

Halafu kuna neno moja linaloachwa njiani kila takwimu ikisimuliwa: utumbo. Minofu haikupimwa. Nenda Mwaloni asubuhi umtazame mama anayeparua sato: magamba yanaruka, kisu kinapita tumboni mara moja, vidole viwili vinaingia, utumbo wote unatoka na kuangukia ndooni. Korongo wamesimama pembeni kama wazee wa kikao, wakingoja ndoo imwagwe. Hicho anachotupiwa korongo ndicho kilichopimwa. Kwa hiyo wauzaji wanaposema "utumbo tunatupa", hawakwepi swali, na sielewi kwa nini wanachekwa kana kwamba ni watu wasiojua sayansi. Kwa sato na sangara, jibu lao liko karibu zaidi na utafiti kuliko onyo linalosambazwa.

Tena tazama kilichokutwa humo tumboni. Kulikuwa na polithini, malighafi ya rambo tuliyoizoea, na kulikuwa na poliesta, ambayo ni nguo. Vyote hivyo huenda vimetoka mjini, kwenye mitaro, kwenye vilima vya mawe ambako gari la taka halipandi, na kwenye beseni la kufulia mitumba yetu. Mvuvi ana lake la kujibu, nalo ni nyavu. Wavu wa nailoni ukipotea majini unaendelea kuvua bila mwenyewe, samaki na hata mnandi wananasa na kuoza humo. Lakini rambo ile si ya mvuvi peke yake.

Wanaopiga kelele kuhusu plastiki nao wana hoja nzito, na ningewasikiliza vizuri zaidi kama wangeacha kuanzia kwenye meza ya samaki. Ng'ombe anayekula mifuko jalalani huziba tumbo na kufa taratibu. Na ziwa letu lina tabia mbaya kwa jambo hili: maji yake mengi huondoka kwa kupanda juu kama mvuke, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja. Maji yanapanda, mfuko haupandi. Unabaki, unakatikakatika na jua na mawimbi mpaka unakuwa chembe, na ziwa hilo hilo ndilo linalojaza mabomba ya mji.

Katazo la mifuko la Juni 1, 2019 lilisaidia, nani atakataa? Rambo hazining'inii tena kwenye miiba kama zamani. Ila ule mfuko mbadala tunaoupenda, laini kama kitambaa, ni polipropilini. Nayo ni plastiki. Ukitupwa Mabatini, kando ya Mto Mirongo, mto unaijua njia.

Pale ninapoachana na wauzaji ni kwa dagaa. Hapo hoja ya utumbo inakufa, kwa sababu dagaa hatumpasui. Anakaushwa mzima, anakaangwa mzima, anatafunwa na kichwa chake, na watoto wanasagiwa unga wake kwenye uji. Ndiye samaki wa mwenye kipato kidogo, na takwimu ya 2016 haimtaji kabisa. Kama kuna fungu ambalo ningetaka lipelekwe maabara kila mwaka ni hilo, la walioanikwa mchangani kando na la walioanikwa kwenye vichanja kando (ingawa wavu wa kichanja, ukiuangalia vizuri, nao ni nailoni). Akipatikana na plastiki, tuambiwe ni kiasi gani na imeingilia wapi, majini au kwenye kuanikwa, maana dawa zake ni mbili tofauti.

Na yule mteja aliyemkimbia sato akaenda kwa kuku wa kisasa: asome gunia la chakula cha kuku. Protini ya humo, mara nyingi, ni dagaa.