Mkoba wa Mama Mkwe Umo Ndani

Muuzaji alinionyesha kioo cha dashibodi kama mzazi anayeonyesha matokeo ya mtoto aliyefaulu. Kilomita elfu sita na ushee, na gari lina miaka minne! Viti vya ngozi bado vinanukia upya, mkanda wa upande wa abiria ni mgumu kwa sababu abiria mwenyewe hakuwahi kuwepo, na zulia la miguuni halijui udongo ni kitu gani.

"Hili halijatumika," akaniambia. "Limekaa tu."

Mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilikuwa nimejiandaa. Nikachuchumaa kwenye tairi nikasoma zile tarakimu nne za ubavuni, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi likiandikwa 1420 ujue lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2020. Watu wengi hawajui kwamba tairi linazeeka hata likilala. Nikauliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini, maana yale hunyonya unyevu wa hewani hata gari lisipowashwa. Nikapapasa diski za breki: kutu jekundu juu juu, la kawaida kwa gari lililosimama, unakanyaga breki mara kadhaa linafutika. Kila nikiuliza swali muuzaji ananywea kidogo, na mimi navimba kidogo.

Kulikuwa na waya mmoja mwembamba mweusi. Ulitoka kwenye soketi ya ukutani, ukatambaa sakafuni, ukapotelea chini ya pua ya gari. Muuzaji aliuchomoa, akauviringisha mkononi haraka haraka, akautia mfukoni. Nikajua anachaji simu. Tukapeana mikono.

Jina la gari silitaji, lisije likanishtaki. Ujue tu kwamba ni gari la spoti la viti viwili, injini iko nyuma ya viti, na buti liko mbele, pale ambapo magari ya watu wengine yana injini. Rafiki yangu alikuwa amenishauri nitafute Mazda MX-5, kigari kilichoonyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, chepesi, injini mbele, buti nyuma, kila kitu mahali unapokitegemea. Nilimwambia hicho ni cha wanaoanza.

Nyumbani mke wangu alilizunguka mara moja.

"Watoto watakaa wapi?"

"Kwa zamu."

"Sawa. Zamu ya kwanza ni ya mama. Kesho anakwenda kuchukua miwani yake."

Mama mkwe wangu ni mwanamke mrefu, mwenye heshima zake, anayepanda gari kwa kutanguliza mguu na kufuatisha mwili. Kwa gari hili, mpango huo ulikwama pale pale. Akageuka, akaanza kurudi kinyumenyume, mkono mmoja kwenye paa, mkoba kifuani.

"Mwanangu, kiti kiko wapi?"

"Hapo chini, mama."

"Chini wapi?"

"Endelea tu kushuka."

Akaendelea. Kuna mahali fulani katikati ya safari ile miguu ilikoma kusaidia, akadondoka na "Mungu wangu!" Akakaa kimya akiangalia magoti yake, yaliyokuwa usawa wa kidevu. "Tumefika?" akauliza. Nikajibu ndiyo, nikamfunga mkanda huku nimegeuza uso pembeni. Kukaa bega kwa bega na mama mkwe, kiwiko chako hakina pa kwenda ila ubavuni mwake, ni adhabu ambayo watengeneza magari hawajawahi kuifikiria.

Njiani aliongea kidogo. Malori yalipotupita, tairi zao zilikuwa usawa wa sikio lake. Kwenye matuta nilipita mshazari, gurudumu moja moja, na bado chini kukasikika *krrrrr*.

"Umekanyaga nini?"

"Ni barabara, mama."

Tulipofika kliniki ya macho nilibaki nje na gari. Hapa nikiri, sikuwa na sababu yoyote ya kuwasha taa mchana kweupe. Ila watu walikuwa wamesimama. Mlinzi akaomba aone taa zinavyowaka, nikamwonyesha. Kijana mmoja akauliza kama redio ina besi, nikamthibitishia, na kwa kuwa alikuwa mgumu wa kuelewa nikamthibitishia kwa nyimbo kadhaa. Injini nilikuwa nimeizima kubana mafuta. Kila kilichokuwa kinawaka, kinaimba na kung'aa kilikuwa kinakula betri, na betri yenyewe, nilikuja kufahamu baadaye, ilikuwa imezoea kunyonyeshwa kwa waya mwembamba mweusi kila siku ya maisha yake.

Mama akatoka na miwani mipya. Akasimama. Akalitazama gari kutoka pua hadi mkia, akaishusha miwani, akaipandisha.

"Hili ndilo tulilokuja nalo?"

"Ndilo, mama."

"Nilidhani ni macho yangu yanalipunguza."

Mkoba wake ulikuwa umempa shida wakati wa kuja, kwa hiyo nikajitolea kuuweka kwenye buti. Nikabonyeza ufunguo, buti likafunguka kwa uvivu fulani. Nikaulaza mkoba juu ya kitabu cha maelekezo, pembeni ya nyaya za kubustia, zile za kuazima umeme wa gari jingine, nilizokuwa nimenunua kwa tahadhari. Nikafunga. Mama akashuka kwenye kiti, safari hii bila kutaja Mungu. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha.

*Tk-tk-tk-tk-tk.*

Taa za dashibodi zikafifia. Nikabonyeza tena. *Tk.* Halafu hata hiyo *tk* ikaisha.

Betri nzima yenye afya ikipumzika inasoma kama volti 12.6, ikishuka chini ya 12 hiyo haina kitu, na stata, ile mota inayoiamsha injini, inahitaji umeme mwingi kwa mara moja. Hilo si tatizo, unafungua buti unatoa nyaya, unaomba gari la jirani. Nikabonyeza ufunguo. Kimya. Nikabonyeza kitufe cha ndani. Kimya. Buti la gari hili halina tundu la ufunguo. Linafunguliwa kwa umeme. Umeme unatoka kwenye betri. Betri iko ndani ya buti.

Mfaransa Gaston Planté alibuni betri ya risasi na asidi mwaka 1859. Ndugu zangu, tangu hapo kumekuwa na muda wa kutosha wa kutafakari iwekwe wapi.

Wale mashabiki wangu wa redio wakageuka kuwa mafundi. "Lisukumeni liwake!" Nikaeleza kwamba gia zake ni za kujiendesha, haliwaki kwa kusukumwa. Hawakunisikia. Wakajipanga nyuma, wakahesabu, wakasukuma. Gia imejifunga kwenye maegesho, magurudumu hayatoki, kwa hiyo gari likayumba tu mbele na nyuma pale pale lilipo, mama akiwa ndani anaitikia kwa kichwa. Mmoja akapendekeza wavunje kioo. Mwingine akamwuliza kioo kinahusiana vipi na buti. Ugomvi mdogo ukazuka hapo, nje kabisa ya uwezo wangu.

Ndipo buti likaanza kuimba kwaya.

"Baba," mama akaita kupitia mlango, "pokea simu hiyo, ni mke wako."

"Imo ndani ya buti, mama."

"Nani kaifungia huko?"

"Mimi na wewe, mama."

Kwaya ikakata. Ikaanza tena ubeti wa kwanza. Mke wangu huwa hakati tamaa mapema. Mzee mmoja mwenye busara akasogeza watu pembeni, akaniuliza kwa upole: "Kitabu cha gari kinasemaje?" Nikanyoosha kidole kwenye buti. Mzee akanitazama, akalitazama buti, akaondoka zake.

Aliyetuokoa alikuja na saluni kuukuu iliyopauka rangi, mlango mmoja wa rangi tofauti. Kijana wa makamo, mikono ina grisi. Hakulisifu gari wala hakulicheka. Aliinama upande wa miguu ya dereva, akabandua kifuniko cha fyuzi, akapapasa, akavuta kwa vidole kijichuma chekundu ambacho mimi sikukiona siku ya ukaguzi. Kumbe waliolitengeneza walijua! Wamekificha pale kwa ajili ya siku hii hii. Akatoa nyaya zake mwenyewe, akabana waya mwekundu hapo, mweusi akaubana kwenye chuma cha kufungia mlango, upande wa pili kwenye betri ya saluni yake.

"Usishtuke," akasema.

Alamu ikalipuka. Honi, taa, kila kitu, gari lilikuwa linanituhumu wizi mbele ya kliniki nzima. Waliokuwa wameanza kuondoka wakarudi. Nikabonyeza ufunguo, *tak!*, buti likafunguka, na kwaya ikatoka kwa sauti yake kamili.

Akahamishia nyaya kwenye betri yenyewe, injini ikawaka, ikanguruma vizuri mno. Kwa kweli mlio ule ni mtamu. Wanawake wawili waliokuwa wanasubiri dawa wakamvuta mama nje, mmoja kila mkono. Akapokea simu: "Tuko salama, mwanangu. Gari la mumeo ndilo linalolia." Kisha akachukua mkoba, akaufuta vumbi ambalo halikuwepo, akaenda kukaa kwenye saluni. Kiti cha mbele. Mgongo wima, nafasi ya mkoba ipo.

"Wewe tangulia, baba," akaniambia. "Huyu kijana atanifikisha."

Kijana alinionya nisizime injini hadi betri irudishe nguvu, na akasema kuzunguka mtaani tu hakutoshi, nipige safari ndefu. Kwa hiyo nikapitia njia ya mbali. Nikaizunguka tena. Mafuta niliyoyabana asubuhi yote niliyalipa siku hiyo, na riba.

Nilipoingia nyumbani, injini bado inanguruma uani kwa sababu nilikuwa naogopa kuizima, mke wangu alikuwa mlangoni.

"Mama anauliza lile gari linauzwa?"

"Hili langu?"

"La yule kijana."

"Lile? Lile lina kilomita laki tatu!"

"Anajua. Za mwisho alikuwamo mwenyewe, na alifika kabla yako."