Tangi la matumbawe Dar: jua la dirishani au taa ya LED?

Jirani yangu hapa Mbezi Beach ameweka sebuleni tangi la maji chumvi la lita 60, na kilichomkosesha usingizi si samaki, ni mwanga. Anauliza: tuko nyuzi saba tu kusini mwa ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 karibu mwaka mzima, kwa nini nilipie umeme wakati jua linaingia dirishani bure? Hoja hii ina uzito, na wanaomjibu "nunua LED yaishe" hawajamtendea haki.

Tumbawe ni mnyama, lakini sehemu kubwa ya chakula chake hutengenezwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake. Mwani huo hutumia mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700, na kiasi chake hupimwa kwa kipimo kiitwacho PAR. Matumbawe laini na ya uyoga huridhika na PAR 50 hadi 150. Acropora, ambayo ni matumbawe magumu yenye matawi, na magumu wenzake hutaka 200 hadi 350, hata zaidi. Jua la saa sita mchana kweupe hukaribia 2,000. Kwa nguvu, basi, hakuna taa ya dukani inayolishinda jua.

Tatizo la kwanza ni kwamba dirisha halihami, jua linahama. Kwa latitudo ya Dar, kuanzia mapema Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita upande wa kusini, na miezi iliyobaki hupita kaskazini. Dirisha la kusini hulipata katika miezi ya joto kali, kisha linalikosa kwa zaidi ya nusu mwaka. La kaskazini lina miezi mingi, ila humo ndimo yalimo mawingu ya masika. La magharibi ndilo baya kuliko yote, maana hupokea jua la alasiri wakati chumba kimeshachemka. La mashariki pekee ndilo ningelitetea: jua la asubuhi ni la mwaka mzima, huja hewa ikiwa bado na ubaridi, na huondoka kabla halijaleta madhara.

La pili ni joto, nami hapa sina mzaha. Februari na Machi maji ya bahari yetu yenyewe hukaribia nyuzi 29 au 30, kwa hiyo matumbawe ya mwambao huu yanaishi karibu na ukingo wa uvumilivu wake. Mwaka 1998 El Niño ilipopasha Bahari ya Hindi yalipauka kwa wingi, na huko Mafia mengi yakafa. Kama bahari nzima ilishindwa kujipoza, lita 60 zilizoanikwa nyuma ya kioo zitafanyaje? Feni ndogo ikipuliza juu ya maji itapunguza nyuzi mbili hivi, lakini maji yatapungua kwa mvuke na chumvi itakolea, hivyo kila siku utaongeza maji yasiyo na chumvi.

Upande wa umeme nao una hesabu zake. Taa ya halaidi, ile balbu ya mwanga mkali na joto jingi, ya wati 150 ikiwaka kwa muda wa saa nane hula uniti 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi. Mwenye LUKU ya mtumiaji mdogo, anayetakiwa asivuke uniti 75 kwa mwezi, atakuwa ametumia karibu nusu kwa taa moja, na taa yenyewe inapasha maji. Hiyo niiache. Tyubu za T5, yaani floresenti nyembamba, husambaza mwanga sawasawa bila vivuli, na wapo wafugaji wazuri wanaoziapia, lakini hufifia na kutaka kubadilishwa kila mwaka. LED ya wati 50 hutumia uniti 12 kwa mwezi, joto lake hutokea mgongoni badala ya kushuka majini, na nyingi unaweza kupunguza nguvu yake.

Mtetezi wa jua atasema: umeme ukikatika, langu halizimi. Kweli, ila tumbawe linavumilia siku moja au mbili za giza. Kinachoua haraka ni pampu kusimama na oksijeni kuisha majini. Ukiwa na inveta ndogo, unganisha pampu kwanza, taa isubiri.

Kwa hiyo nasimama upande wa LED, na jua la asubuhi liwe nyongeza kwa mwenye dirisha la mashariki. Lakini si lazima iwe ile ya bei kubwa yenye buluu nyingi. Buluu ya nanomita 450 hivi inafanana na mwanga unaobaki baharini baada ya maji kunywa wekundu, na rangi za matumbawe hung'aa chini yake. Hata hivyo, taa nyeupe ya kumulika uwani, ya Kariakoo, ya wati 30 na yenye alama ya IP65 (haipitishi vumbi wala maji ya kurushwa), hukuza matumbawe laini vizuri. Imezibwa, hivyo mvuke wa chumvi hauili haraka. Programu ya simu inayopima mwangaza kwa luksi inakusaidia kukadiria taa nyeupe: luksi 6,000 ni kama PAR 100. Kwa taa ya buluu itakudanganya, kwa kuwa luksi hufuata jicho la binadamu, nalo huona buluu kwa unyonge.

Jirani yangu dirisha lake ni la magharibi. Nimemshauri alisogeze tangi ukutani kabla halijajazwa mawe, aanze na LED kwa theluthi ya nguvu saa nane kwa siku, apandishe kidogo kila wiki, na vipande vya matumbawe avipate kwa mfugaji mwenzake. Asivitoe visiwa vya Mbudya wala Bongoyo, maana hizo ni hifadhi tangu 1975. Rangi ikianza kupauka, mwanga umezidi, au maji yamepata joto. Ikigeuka kahawia, mara nyingi mwanga hautoshi.