Kipindi Kikifutwa na Shule, Mwalimu wa Muziki Alipwe

Jumatatu wiki hii binti yangu alirudi nyumbani na karatasi mbili zilizobanwa pamoja, zenye kichwa "Utaratibu wa Masomo Binafsi ya Muziki", nami natakiwa kuzisaini na kuzirudisha kabla ya Ijumaa ili asipoteze nafasi yake ya kujifunza fidla. Nilizisoma nikiwa nimesimama jikoni, na nilipofika kifungu cha sita nikazima jiko, nikaketi, nikakisoma upya. Kinasema kwamba kipindi kitakachokosekana kwa sababu ya mitihani, ukaguzi, mahafali au shughuli nyingine yoyote ya shule hakitafidiwa, na ada yake haitarudishwa. Najua wazazi wenzangu wengi wameshasaini, kwa sababu nafasi ni chache na hakuna anayetaka mtoto wake aonekane ana mzazi msumbufu. Mimi siwezi kukisaini kilivyo.

Muhula uliopita nililipia vipindi 12 vya dakika 30, kila kimoja shilingi 20,000, na shilingi 240,000 zote zilikuwa zimeshaingia benki kabla ya kipindi cha kwanza, kama utaratibu unavyotaka. Vipindi vinne havikufanyika. Kimoja kiliangukia mtihani wa majaribio wa darasa la nne, kimoja siku waliyokuja wakaguzi, na viwili vilichukuliwa na maandalizi ya mahafali ya darasa la saba. Binti yangu hakuumwa wala hakuchelewa, na kila Jumatano fidla yake ilikuwa shuleni.

Siku ile ya mtihani nilikuwapo. Nilikwenda kumchukua ili nimpeleke kwa daktari wa meno baada ya somo, nikamkuta mwalimu wake ameketi kwenye benchi chini ya mkungu karibu na geti, kasha la fidla limelala mapajani, shati limelowa jasho mgongoni. Alikuwa ametoka Kimara kwa basi la mwendokasi hadi kituo cha Morocco, hapa Dar es Salaam, akapanda daladala, akafika saa nane kamili mchana kwa ajili ya kipindi cha saa nane na nusu, na habari za mtihani alizipata kwa mlinzi. Nilimuuliza kama angalau shule ingemlipa kwa siku ile. "Mama, mimi nalipwa kwa sahihi," akanijibu. "Mtoto asipoingia chumbani hakuna sahihi, na bila sahihi hakuna malipo." Kisha akafungua mfuko wa kasha, akatoa bahasha ndogo yenye uzi mpya aliokuwa amemnunulia binti yangu, kwa kuwa ule mwembamba kuliko nyuzi zote za fidla yake ulikuwa umekatika wiki iliyotangulia, akaniomba nimfikishie. Akasimama, akaaga, akarudi kituoni.

Tangu siku hiyo sijaweza kuliona suala hili kama jambo dogo la ratiba. Mimi nilikuwa nimelipia kipindi kile, mwalimu hakupata hata nauli, mtoto hakujifunza chochote, na fedha zikabaki shuleni. Kwa vipindi vinne ni shilingi 80,000 kwa mtoto mmoja tu. Mwalimu huyu, ambaye alisomea muziki Bagamoyo na ameishi kwa kazi hiyo tangu alipomaliza, si mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Nusu saa anayomtengea binti yangu ni nusu saa ambayo amemnyima mwanafunzi mwingine, na ikishapita haiwezi kuuzwa tena kwa mtu yeyote. Shule hupanga kalenda yake mwezi Januari, na tarehe ya mtihani huijua wiki nyingi kabla. Ujumbe mmoja wa simu ungetosha kumwokoa mtu na safari ya bure katika jua la saa nane.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande kwa sababu kiliwahi kunigharimu, kifungu kinachomtaka mzazi atoe taarifa saa 24 kabla, la sivyo ada ya kipindi hicho inapotea. Nakubali pia kwamba mzazi anayemwondoa mtoto katikati ya muhula asirudishiwe fedha. Masharti hayo ni ya haki kwa sababu moja: yupo mtu aliyetenga muda wake, na muda huo una thamani hata kama mtoto hakutokea. Kifungu cha sita kinaitupa sababu hiyo hiyo pale ambapo mkosaji ni shule. Ikiwa mimi nikikosa nalipa, na mwalimu akikosa anafidia kwa siku nyingine, basi shule nayo ikikifuta kipindi imlipe mwalimu na kumpangia mtoto siku nyingine.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi ukifika ukurasa wa pili, ambapo kila mwanafunzi anatakiwa afanye mtihani wa daraja la kwanza wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, kabla ya mwaka kwisha. Mtihani huo unadai kupiga vipande vitatu, skeli (ngazi za sauti), kusoma noti papo kwa papo na majaribio ya kutambua muziki kwa sikio, na ili ufaulu unahitaji alama 100 kati ya 150. Binti yangu anapaswa kuufikia kwa theluthi mbili ya mafunzo niliyoyalipia. Watoto hawa hawa walioondolewa vipindi viwili kwa ajili ya mahafali ndio waliosimamishwa mbele ya mgeni rasmi siku ya sherehe, wakapiga, wakapigiwa makofi, na picha yao sasa iko ukutani ofisini.

Kifungu cha nane nacho kirekebishwe: vinanda na fidla za shule hufungiwa stoo mpaka mwalimu afike, kwa hiyo mtoto asiye na ala nyumbani huigusa kwa nusu saa tu katika siku saba. Hakuna aliyewahi kujifunza hivyo. Vikundi vya taarabu vya Zanzibar, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa 1905 na Culture Musical Club cha 1958, vimeendelea kuwapata wapigaji kwa sababu vijana huketi mazoezini pamoja na wazee, jioni baada ya jioni, ala zikiwa mikononi. Shule inaweza kufungua stoo saa moja kila siku baada ya masomo na kumweka mwalimu wa zamu. Kuhusu vifungu vinavyotaka mlango wa chumba cha muziki uwe na kioo, na vipindi vizungushwe ili mtoto asikose hisabati kila wiki, sina la kupinga hata kidogo.

Usiku huu nimekata kifungu cha sita kwa kalamu ya wino, nikaandika pembeni: "Kipindi kitakachofutwa na shule kitafidiwa ndani ya muhula huo huo, na mwalimu atalipwa kwa siku aliyofika." Nimesaini chini ya maneno hayo. Karatasi iko ndani ya begi la binti yangu, kando ya daftari lake la noti, na kipindi chake cha kwanza ni Jumatano saa nane na nusu mchana.