Acheni kuibandikia ile chembe anwani

Kuna ujumbe umezunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp, na nimetumiwa na watu ninaowaheshimu: eti imethibitishwa kwamba chembe ya Amaterasu, ile chembe ya nishati kubwa ajabu iliyotua kutoka anga za mbali, ilirushwa na viumbe wa sayari nyingine, maana huko ilikotoka hakuna kitu. Umenikera sana. Kisa chenyewe ni kizuri kuliko huo uzushi, halafu watu wananyimwa.

Tarehe 27 Mei 2021, kwenye jangwa la Utah nchini Marekani, vitambuzi 23 vya Telescope Array, mtandao wa kunasa chembe zitokazo angani, vilipigwa kwa mpigo mmoja na mvua ya chembe kutoka juu. Walipokokotoa wakakuta yote imeanzishwa na chembe moja iliyogonga hewa ya juu ikiwa na nishati ya takriban EeV 244 (EeV ni kipimo cha nishati: elektronivolti bilioni bilioni). Protoni inayozungushwa kwenye mtambo mkubwa wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, haifikii hata sehemu moja kwa milioni thelathini ya nishati hiyo. Wakafuata mstari wa ilikotokea, wakaangukia eneo la anga lenye galaksi chache mno.

Sasa huo mstari ndio wenye matatizo. Chembe hizi zina chaji, na njia yote kutoka huko hadi hapa imejaa ugasumaku (nguvu ya sumaku iliyotanda angani) unaozipinda. Protoni hupindwa kidogo. Kiini cha atomi ya chuma, chenye chaji mara 26 ya protoni, hupindwa mara 26 zaidi. Na ukiwa na chembe moja tu mkononi, ni vigumu mno kujua ni ipi kati ya hizo. Utaapaje basi kwamba imetoka pale unaponyooshea kidole?

Waulizeni watu wa Pierre Auger, kituo kingine cha kunasa chembe hizi, kule Malargüe, Argentina. Wana matangi zaidi ya 1,600 yaliyotapakaa kwenye kilomita za mraba 3,000 za nyika, ng'ombe wanapita katikati yake. Kila tangi lina lita 12,000 za maji safi kabisa, ndani giza totoro. Chembe ikipenya majini huacha mmweko wa buluu, na vihisi vitatu vilivyoelekezwa chini vinaudaka. Mwaka 2007 walitangaza kwamba chembe zao zenye nishati kubwa kuliko zote zinaelekea kuangukia upande wa galaksi za jirani zenye mashimo meusi yanayomeza mada. Dunia ikashangilia. Data zikaongezeka, na ile sehemu ya chembe zinazoangukia upande wa galaksi hizo ikashuka kutoka asilimia 69 hadi 38. Walioandika kwamba imeshuka ni wao wenyewe. Mimi nawavulia kofia kwa hilo kuliko kwa lile tangazo la kwanza. Mwaka 2017 wakarudi na jambo dogo zaidi, lakini imara: chembe zinazozidi EeV 8 huja kwa wingi kidogo upande mmoja wa anga, na upande huo uko mbali na kitovu cha galaksi yetu. Yaani zinatoka nje ya galaksi. Zaidi ya miaka kumi ya kukusanya data kwa ajili ya sentensi hiyo moja! Sentensi kama hiyo ndiyo inayostahili kusambazwa.

Haya, nyutrino, chembe nyepesi mno, nakubali ni habari nyingine, kwa kuwa haina chaji na haipindwi. Ile iliyonaswa na IceCube, kitambuzi cha nyutrino kilichozikwa chini ya barafu ya Ncha ya Kusini, mwezi Septemba 2017 ilielekeza kwenye galaksi ya TXS 0506+056. Lakini ilikuwa moja. Kwa galaksi ya NGC 1068 walisubiri hadi zikafika kama 79 katika takriban miaka kumi, na hata hapo, mwaka 2022, waliishia kusema wana ushahidi, hawakusema wamethibitisha.

Nanyi walimu wa fizikia, darubini za H.E.S.S. ziko Namibia, hapa hapa Afrika, zinasaka vyanzo hivi hivi kwa miale ya gama, aina ya mwanga wenye nishati kubwa mno. Wanafunzi wetu waambiwe.

Huko Malargüe wameshafunga kitambuzi cha ziada juu ya matangi yao, kazi yake ni kusaidia kutenganisha protoni na viini vizito kama chuma. Hizo ndizo data ninazozisubiri mimi. Yeyote atakayenitumia ule ujumbe tena nitamuuliza swali moja: hiyo chembe ilikuwa protoni au chuma?